Sindano Safi na Sera ya Afya Mijini: Funzo la Edinburgh

Mpango wa kubadilishana sindano ni huduma ya afya ya jamii ambapo mtu anayejidunga dawa za kulevya hurejesha sindano iliyotumika na kupewa mpya. Msingi wake ni wa kitabibu. Baada ya mtu kujidunga, damu kidogo husalia ndani ya sindano na bomba lake. Damu hiyo yaweza kubeba Virusi vya UKIMWI (VVU) pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na kuviingiza moja kwa moja katika mshipa wa mtumiaji anayefuata.

Mji wa Edinburgh, Uskoti, unaonyesha jinsi sera inavyoweza kuchochea maambukizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, heroini ilipoenea, polisi walikuwa wakiwanyang'anya watumiaji sindano, na upatikanaji wake madukani ukabanwa. Heroini haikupungua, kilichopungua ni sindano, na watu wengi wakachangia chache zilizokuwapo. Mwaka 1986 madaktari wa kituo kimoja cha afya mjini humo walichapisha matokeo ya vipimo vya watumiaji wa heroini 164: asilimia 51 walikuwa na VVU. Katika mji jirani wa Glasgow, ambako heroini pia ilikuwa imeenea, kiwango kilikuwa chini sana.

Mwaka huohuo, kamati ya serikali ya Uskoti ilipendekeza watumiaji wapewe sindano safi, na mwaka 1987 vituo vya majaribio vikafunguliwa nchini Uingereza.

Wapo wanaohofia kuwa huduma hii huhamasisha matumizi ya dawa za kulevya. Mapitio ya ushahidi yaliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 hayakuthibitisha hofu hiyo. Isitoshe, kituo cha sindano huwa mlango wa kupima VVU na kuanza tiba.

Hata penye tiba, sindano safi bado inahitajika. Jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Dawa hiyo hupunguza haja ya kujidunga. Lakini asiyeifikia, au aliyeiacha njiani, hubaki katika hatari ileile. Sera inayomnyima sindano safi haimwondolei uraibu. Humwongezea maradhi, yeye, mwenzi wake na jamii inayomzunguka.