Kuuza Vitu vya Kale na Wajibu wa Kubainisha

Mwenye kununua kitu cha kale, kama kasha, sahani ya China au sarafu, hanunui mbao wala madini peke yake. Hununua na umri wake. Basi akidanganywa katika umri amedhulumiwa mali yake, ijapokuwa kitu chenyewe ni kizuri.

Mfano ulio wazi ni reale ya Sham, sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wa Austria. Zamani ilitumika Oman, Uhabeshi na pwani ya Afrika ya Mashariki. Maria Theresa alikufa mwaka wa 1780, na mwaka huo ndio ulioandikwa juu yake. Lakini kwa kuwa watu waliizoea sura ile, kiwanda cha Vienna kiliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, na hata leo bado huipiga. Mwaka wa 1935 ilipigwa Rome, na mwaka wa 1936 London. Basi tarehe ya 1780 si ushahidi wa umri.

Wala mizani haitoshi. Sarafu ya kweli ina uzito wa gramu 28 na kitu kidogo, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha safi. Mizani yaweza kumfichua aliyeghushi kwa madini duni. Lakini haitenganishi iliyopigwa zamani na iliyopigwa juzi. Weusi pia si hoja, kwani fedha hutiwa weusi upesi kwa dawa yenye kibiriti. Wajuzi hutazama bizimu ya begani na manyoya ya mkia wa tai. Ama wanunuzi walio wengi hawana ila neno la muuzaji.

Kwa hivyo yamlazimu muuzaji mambo matatu:

Kwanza, aseme alijualo juu ya umri, na asilolijua aseme halijui.

Pili, aonyeshe aibu, kama alama ya kulehemu palipokuwa na kitanzi cha kuivalia shingoni.

Tatu, asinyamaze aonapo mnunuzi amedanganyika kwa tarehe. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa mvua chini ya kikavu. Kuficha upya chini ya tarehe kongwe ni mfano wa hayo.

Mas'ala: Mtu amenunua sarafu kwa sharti kuwa ni ya kale, kisha ikabainika kuwa ni mpya. Je, aweza kuirudisha?

Jawabu: Naam. Ana hiyari ya kuirudisha na kutwaa mali yake, maana sifa iliyoshartiwa haikupatikana. Ama aliyeinunua kwa thamani ya fedha tu, bila ya sharti wala hadaa, hana dai juu ya umri. Basi mnunuzi naye aulize kabla ya kulipa, na sharti la umri liandikwe katika hati ya mauzo.