Makato ya Hukumu ya Deni



Wako wenzetu wavukao mpaka kwenda Kenya kuchuma chai na kukata miwa, na swali wanalorudi nalo ni moja: mbona mshahara unakatwa na deni halipungui? Leo tutalijibu kwa sheria ya Kenya ilivyo.

Tuseme ndugu mmoja alimdhamini mwenzake kwa mkopo, mwenzake akatoroka. Mdai akaenda mahakamani. Samansi ilipoletwa, ndugu yetu aliiweka chini ya godoro, maana deni si lake. Kosa lilianzia hapo. Asiyejibu samansi hutolewa hukumu bila kusikilizwa, na amri ya mahakama ikimfikia mwajiri, karani wa mishahara hawezi kuipuuza. Kugombana naye ni bure. Lakini kama samansi haikukufikia kabisa, omba mahakama iitangue hukumu hiyo, na uombe upesi.

Sasa makato. Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 44, inalinda theluthi mbili ya mshahara wa mtu aliyeajiriwa. Kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 15,000 asikatwe zaidi ya 5,000 kwa ajili ya hukumu. Kifungu hicho hicho kinalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya nyumbani, pamoja na zana za kazi. Dalali akivigusa, mwiteni katibu wa tawi.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukichanganya na hicho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote kwa jumla, pamoja na ya chama cha akiba na mikopo, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Yaani theluthi moja haina budi kukufikia mkononi.

Riba ndiyo inayotumaliza kimya kimya. Hukumu isipotaja riba ya baada ya hukumu, sheria huhesabu asilimia 6 kwa mwaka; lakini mahakama ina uwezo wa kuweka zaidi. Deni la 40,000 kwa asilimia 12 huzaa 4,800 kwa mwaka, yaani 400 kila mwezi. Ukimpelekea mdai 300 kila mwezi, na malipo yakahesabiwa kwanza kwenye riba, hujaligusa deni lenyewe hata senti moja. Ukilipa 2,000, mwezi wa kwanza 1,600 zinapunguza deni. Basi isome hukumu yenyewe uone kiwango, usitegemee barua ya wakili wa mdai.

Kama hata theluthi hiyo inakushinda, waweza kuomba mahakama ikuruhusu kulipa kwa mafungu. Mahakama yaweza kukubali ijapokuwa mdai anakataa, mradi uonyeshe sababu ya kutosha. Nenda na hati za mshahara na risiti za karo za watoto, wala usiombe fungu dogo kuliko riba.

Tena, mwajiri akikata fedha kwa amri ya mahakama asizipeleke, anatenda kosa, na huku riba yako inaendelea. Kila mwezi linganisha hati ya mshahara na hesabu ya mdai. Zikitofautiana, leta karatasi zote mbili ofisi ya tawi kabla ya siku ya mshahara unaofuata.