Dini na Serikali: Somo Kutoka Ufaransa

Tangu zamani watawala wengi wamedhani ya kuwa nchi haiwezi kutulia ila raia wote wafuate dini moja. Habari za Ufaransa zaonyesha matokeo ya fikira hiyo.

Mwaka 1562 Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi ile walianza kupigana. Wakubwa wa kila upande waligombea madaraka, na dini ikawa bendera yao. Mwezi wa Agosti 1572 Waprotestanti waliuawa kwa maelfu, kwanza katika mji wa Paris, kisha katika miji mingine. Jirani akamwinukia jirani yake.

Mfalme Henri IV, aliyekuwa Mprotestanti kabla ya kuingia Ukatoliki mwaka 1593, alikomesha vita hivyo kwa amri aliyoitoa mjini Nantes mwaka 1598. Dini ya Kikatoliki ilibaki dini ya nchi. Lakini Waprotestanti waliruhusiwa kusali mahali palipotajwa, kushika kazi za serikali, na kupeleka mashauri mbele ya mabaraza yenye mahakimu wa pande zote mbili.

Lakini neno lililoandikwa na mfalme mmoja laweza kufutwa na mwingine. Mwezi wa Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta amri ile. Makanisa ya Waprotestanti yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 za kuondoka, na waumini wakakatazwa kutoka nchini. Hata hivyo watu wapatao 200,000 walitoroka, miongoni mwao wafumaji wa hariri, mafundi wa saa na wafanya biashara. Uingereza, Uholanzi na Prussia ziliwapokea, zikafaidiwa na ujuzi wao. Wengine walifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, mwaka 1688, wakalima mizabibu.

Wala waliosalia hawakutulia: mwaka 1702 wakulima wa milima ya Cévennes walishika silaha. Basi mfalme aliyetaka umoja alipoteza watu wake, na amani pia. Mwaka 1787 tu ndipo Waprotestanti walipokubaliwa tena na sheria, na mwaka 1905 Serikali na dini zikatenganishwa.

Wahenga walisema, Moyo wa mtu ni msitu. Serikali yaweza kutoza kodi na kumwadhibu mwizi, lakini imani haiamrishwi. Raia atendewapo haki, yeye na jirani yake wa dini nyingine, huitii sheria kwa hiari.