Jirani Akilalamikia Ua Wako

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo laweza kuzitenga nyumba mbili kwa miaka mingi, yaani malalamiko ya jirani juu ya urefu wa ua. Walimu na wazee wa sharika watalitambua mara moja, maana ni nani kati yao asiyepata kuitwa kwenye mpaka wa bustani kusikiliza maneno ya namna hii?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili ua ni uzio, tena ni mahali palipozungukwa na uzio huo. Ng'ambo ya mpaka wetu Warundi husema urugo, na urugo kwao ni boma pamoja na jamaa wakaao ndani yake. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Ua wako umezidi," asikia kana kwamba nyumba yake yote imetukanwa. Hasira huanzia hapo, wala si kwenye miti.

Twasema miti, kwa kuwa katika nchi ya Ngara nyua nyingi si za matofali, bali ni za miti iliyo hai, na hasa minyaa. Mnyaa hupandwa kwa tawi tu, hauhitaji kumwagiliwa, wala mbuzi hawaupendi. Lakini usipokatwa hupanda juu mpaka ukawa mti kamili, mita 5 na kuzidi. Tena una maziwa makali. Tone moja likiingia jichoni huleta maumivu makuu na kumpofusha mtu kwa muda, na asipotibiwa aweza kudhurika zaidi. Aliyepatwa na jambo hilo aoshe jicho kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha aende hospitali bila kukawia. Jirani mwenye watoto wadogo akilalamikia matawi yaliyoinamia upande wake, basi asihesabiwe kuwa mgomvi.

Sasa twaleta kisa kimoja cha upande wa Nyamiaga, nacho kina kosa letu ndani yake. Mama mmoja mjane alikuwa na kishamba cha maharagwe nyuma ya nyumba yake, na upande wa mashariki wa kishamba hicho ulisimama ua wa minyaa wa jirani yake, mzee wa heshima. Mama akamwendea, akamwomba aupunguze. Mzee akajibu kwamba ua huo ulikuwapo tangu zamani za baba yake. Mama akaja kwetu. Tukaenda siku ile ile, mnamo saa kumi alasiri, tukapokewa na mzee, tukakalishwa uani mwake, tukatazama juu ya mpaka. Tukaona jua limejaa tele katika maharagwe ya yule mama. Basi tukamwambia kwa upole kwamba hatukuona kivuli cho chote, na kwamba yampasa kumstahi mzee. Hakubishana nasi. Alisema tu, "Baba Mchungaji, njoo asubuhi."

Tulikaa wiki nzima kabla ya kwenda, nasi twaona haya kusema hivyo. Tulipokwenda saa tatu asubuhi, tukapitia kwa mama safari hii, tukakuta kivuli cha ua kimefunika zaidi ya nusu ya kishamba, na majani ya maharagwe bado yamelowa umande, mengine yamekwisha kuwa na madoa. Matuta ya mbali, yaliyopata jua mapema, yalikuwa makavu na mazuri.

Sababu yake si ngumu. Ua ulioko mashariki huzuia jua la asubuhi, na ule wa magharibi huzuia la jioni. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa mashariki zaidi, hata hapa Ngara jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana. Kwa hiyo mnamo saa nne asubuhi kivuli cha ua huwa karibu sawa na kimo chake, na kabla ya hapo huwa kirefu zaidi. Ua wa mita 5 huchukua mita 5 za shamba la mwingine hata saa nne. Umande ukikawia juu ya majani, magonjwa ya maharagwe, kama kutu na madoa, hupata nafasi. Ua wa kaskazini au wa kusini una desturi nyingine: tangu mwisho wa Septemba hata katikati ya Machi jua la mchana hupita kusini kwetu, na kivuli huangukia kaskazini; baada ya hapo hugeuka. Kwa hiyo jirani mmoja huumia wakati wa vuli, na mwingine wakati wa masika, nao wote wawili husema kweli. Mwamuzi ajaye mara moja tu, saa moja tu, tena upande mmoja tu, atahukumu kama sisi tulivyohukumu.

Tukamwita mzee aje asimame pale penye umande. Hapo hatukusema neno. Yeye mwenyewe aliinama, akashika jani, akaligeuza. Kisha akaanza kueleza mambo ambayo hakuyaeleza uani kwake. Aliogopa mbuzi. Aliogopa wezi. Tena mahali pao pa kuogea palikuwa karibu na mpaka, na binti zake walikuwa wamekua. Twakiri kwamba hilo la mwisho ndilo lililotugusa, maana mama naye alikuwa hajalifikiri, akasema mara moja kwamba pale pasikatwe.

Juu ya mbuzi, wakulima wazoefu wajua kwamba mnyaa ulioachwa kupanda huwa mtupu chini, na mbuzi hupita kati ya mashina. Lakini ukikatwa kwa kimo cha kifua hutoa matawi mengi, ukafungamana. Ua mrefu wa mzee ulikuwa na matundu matatu chini, na mbuzi wake wenyewe walikuwa wakiyatumia. Tulicheka wote, hata mzee.

Wengine watauliza, je, wasipopatana? Kwanza waulize kama kijiji kina sheria ndogo juu ya nyua. Tena liko Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2002, lenye watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha, wala mtu hakulazimishwa kuyakubali mashauri yake. Juu yake liko Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halihukumu tena mashauri ya ardhi, bali hupatanisha tu; likishindwa katika siku 30, mtu aweza kwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaona kwamba hata serikali imeweka upatanisho mlangoni, na hukumu mbali ndani. Ni utaratibu ule ule wa Mathayo 18, unaoanza na watu wawili peke yao. Basi jirani aliyekuja kwako mwenyewe kabla ya kwenda barazani amekutendea heshima. Mjibu kama mtu aliyeheshimiwa: usimweleze ua ni wa nani, wala ni wa tangu lini. Mwulize ni saa ngapi uende ukaone.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, aliwahesabu majirani waaminifu pamoja na chakula na mavazi. Tumewafundisha watoto wa kipaimara maneno hayo mara nyingi, wala hatukufikiri kwamba mama yule na mzee yule walikuwa mkate wao kwa wao. Nyumba ya mjane ikilia usiku, ni nani atakayefika kwanza, kama si yeye aliye nyuma ya minyaa?

Walipatana hivi: ua ukatwe kwa kimo cha kifua mbele ya kishamba chote, na pale pa kuogea uachwe kama ulivyo. Wana wa mama walisaidia kukata, wamefunga vitambaa usoni, wakisimama upande utokako upepo. Matawi yote yaliokotwa, kwa kuwa tawi la mnyaa likiachwa shambani huota. Machache yalisahauliwa, yakachipuka kati ya maharagwe. Mama aliyang'oa, akampelekea mzee, naye akayapanda katika yale matundu matatu.