Dawa Zisipande Lori

Kama uko Dallas, Fort Worth au Houston na unajiandaa kuhama, bila shaka umeshaanza kukusanya maboksi. Wengi wetu huhama kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Leo tuzungumzie kitu kidogo ambacho mara nyingi hutiwa boksi moja na sabuni na mataulo ya bafuni: dawa.

Joto la Texas mwezi wa saba na wa nane hufika nyuzi 100 za Farenhaiti (38 za Selsiasi) na kupita. Ndani ya gari lililofungwa vioo, joto huweza kupanda kwa karibu nyuzi 20 za Farenhaiti katika dakika 10 tu. Nyuma ya lori la mizigo hakuna kiyoyozi. Dallas hadi Houston ni takriban maili 240, yaani saa nne hivi barabarani, bado hujahesabu muda wa kupakia na kupakua.

Kwa mwenye kisukari hili si jambo dogo. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 36 hadi 46 za Farenhaiti. Ikishafunguliwa, aina nyingi hudumu siku 28 hivi nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 86. Ikipata joto kali hupoteza nguvu, na kwa macho unaweza usione tofauti. Utajidunga kama kawaida, huku sukari inapanda.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kabla ya kufunga boksi la kwanza, weka dawa zote kwenye mkoba mmoja, katika chupa zake zenye maandishi. Ongeza kipimo cha sukari, kipimo cha presha na pampu ya pumu.

2. Mkoba usafiri nawe ndani ya gari lenye kiyoyozi, si kwenye buti. Ukishuka kula, shuka nao.

3. Insulini isigusane na barafu, izungushie taulo. Ikiganda, haifai tena hata ikiyeyuka.

4. Wiki moja kabla, omba duka lako la dawa lihamishie maagizo ya daktari karibu na makazi mapya.

5. Mkoba ukae mbali na watoto. Mtoto akimeza dawa, piga 1-800-222-1222; akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.

Na kama insulini imeshapata joto, usibahatishe. Muulize mfamasia kabla ya kujidunga.

Tunawatakia uhamaji mwema.