Kufunga Giaboksi ya Land Rover ya Zamani

Land Rover ni gari linalojulikana sana vijijini. Lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Yale ya Series III yalitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Baadhi yake bado yanatembea. Hubeba mbegu, mahindi na wagonjwa. Gari kama hilo likilala, kijiji kizima huumia.

Giaboksi ya gari hili inaweza kufunguliwa na kufungwa tena kijijini, kwa uangalizi wa fundi. Kuifungua ni rahisi. Kazi ni kuifunga. Ndani yake mna gia, shafti, beringi, pete, springi na gololi. Kitu kimoja kikikosa mahali pake, gari halitakwenda. Au litakwenda, kisha lilete ajali. Kwa hiyo kalamu na daftari ni vyombo vya kazi, sawa na spana.

Anza kufunga siku unayofungua

Kila kitu unachokitoa, kiandike. Kipe namba. Kiweke katika kopo lenye namba hiyo hiyo. Kwa mfano:

1. Kifuniko cha juu na boliti zake – kopo la 1.
2. Springi na gololi – kopo la 2.
3. Uma na fito za kubadilishia gia – kopo la 3.

Endelea hivyo hadi mwisho. Kama kitu kina upande wa mbele na upande wa nyuma, andika hivyo. Chora picha ndogo. Si lazima picha iwe nzuri, mradi uielewe.

Siku ya kufunga, soma orodha yako kuanzia chini kwenda juu. Kilichotoka mwisho huingia kwanza. Usitegemee kumbukumbu peke yake. Vipuri vikichelewa kufika kwa majuma matatu, kichwa husahau, lakini daftari halisahau.

Nakili pia namba ya giaboksi iliyogongwa kwenye chuma. Usiache herufi iliyo mwishoni. Giaboksi za Land Rover hufanana kwa nje, lakini vipuri vya ndani hutofautiana. Mwenye duka ataijua aina ya giaboksi yako kwa namba na herufi hiyo. Bila kuinakili, unaweza kusafiri hadi mjini ukarudi na beringi isiyoingia.

Safisha na kukagua

Osha vyuma vyote kwa dizeli au mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana hushika moto upesi. Usivute sigara wala usiweke moto karibu. Vipange vyuma juu ya turubai safi. Mchanga kidogo tu huharibu beringi mpya.

Kagua kila gia. Je, meno yamevunjika au yamelika? Zungusha kila beringi kwa vidole. Ikikwaruza au ikilegea, ibadilishe. Angalia pete za shaba. Kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pete ya shaba ikiisha, gia hulia wakati wa kubadilisha. Weka gasketi mpya na sili mpya za mafuta. Za zamani zitavujisha.

Gololi ndogo, hatari kubwa

Katika kopo la 2 mna springi na gololi. Gololi husukumwa na springi ikaingia katika kishimo cha ufito. Hapo gia hukaa mahali pake. Ukisahau gololi au springi moja, giaboksi itafungika vizuri na kwa nje hutaona kasoro yoyote.

Sasa fikiri. Gari linateremka mlima katika gia ya pili. Ndani yupo mama anayepelekwa hospitali kujifungua. Ghafla gia inaruka. Injini hailishiki gari tena. Breki zimebaki peke yake. Haya yote yanaweza kuletwa na gololi moja iliyobaki ndani ya kopo.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga kifuniko, tazama makopo yote. Kopo likiwa bado lina kitu, simama. Soma orodha yako tena.

Jaribu kwa mkono

Jaribu giaboksi ikiwa bado iko chini, kabla ya kuiunganisha na boksi la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ingiza gia moja moja, pamoja na rivasi. Zungusha shafti ya mbele kwa mkono. Katika gia ya nne, shafti ya mbele na ya nyuma huzunguka sawasawa. Katika gia ya kwanza, shafti ya mbele huzunguka zaidi ya mara tatu, ndipo ya nyuma izunguke mara moja. Katika rivasi, ya nyuma huzunguka kinyume. Ikikwama popote, usilazimishe kwa nyundo. Fungua utafute sababu.

Kuirudisha ndani ya gari

Mafundi husema "kushusha giaboksi". Lakini katika Land Rover hizi, giaboksi hutolewa kwa kuinuliwa juu, kupitia ndani ya gari, baada ya kung'oa sakafu na sanduku la viti. Hurudishwa kwa njia hiyo hiyo. Ni nzito sana. Tumieni winchi au watu wa kutosha. Shafti ya mbele iingie katika sahani ya klachi bila kulazimishwa. Msiache giaboksi ining'inie kwenye shafti hiyo, maana sahani itapinda.

Mwisho, jaza mafuta ya gia namba 90. Giaboksi na boksi la nyuma hujazwa mbalimbali, kila moja kwa tundu lake. Ukijaza moja ukasahau la pili, gia zitaungua.

Endesha polepole mahali tambarare. Jaribu gia zote. Kisha simamisha gari, uvute nyuma mkono wenye kifundo chekundu. Hiyo ni gia nzito, na magurudumu yote manne yatavuta. Gari likifaulu hapo, ndipo libebe watu.

Maswali

1. Kwa nini tunasoma orodha kuanzia chini kwenda juu?
2. Gololi ikisahauliwa, nini kinaweza kutokea?
3. Kwa nini petroli haifai kuoshea vyuma?
4. Fungua tochi, baiskeli au kufuli bovu. Andika orodha ya vitu vyake. Mpe mwenzako orodha hiyo, afunge bila kukuuliza. Akishindwa, someni pamoja muone ni neno gani limekosekana.