SOMO LA VIKUNDI VYA MAJADILIANO: Migahawa Inayobadilika Marangu na Wajibu wa Chama cha Msingi

Mwanachama anapofikiria soko la mazao yake, aghalabu huwaza mnada wa kahawa, ghala la Union, au lori la mchuuzi liendalo Dar es Salaam. Ni mara chache awazapo sufuria iliyo jikoni mwa mgahawa wa jirani. Kusudi la somo hili ni kuonyesha kwamba sufuria hiyo nayo ni soko, kwamba soko hilo hubadilika upesi katika miji midogo ya watalii, na kwamba chama kisichojipanga kitalikosa ilhali liko mlangoni pake. Mfano uliochukuliwa ni wa Marangu, katika Wilaya ya Moshi. Vyama vya Lushoto na vya milima mingine vinaweza kuupima kwa hali zao.

1. MGAHAWA WA ZAMANI

Kwa miaka mingi chakula cha kununua kilipatikana Marangu mahali pa namna tatu. Kwanza palikuwa na hoteli ndogo za sokoni na kando ya barabara, zilizouza chai na maandazi, mtori, machalari, na wali na maharage. Pili palikuwa na vilabu vya mbege, ambako pombe ya ndizi na ulezi iliandamana na nyama ya kuchoma. Tatu zilikuwapo hoteli za wageni, kama vile Kibo Hotel na Marangu Hotel, ambazo asili yake ni siku za ukoloni. Katika hizo za tatu mwenyeji aliingia zaidi kama mpishi au mtumishi kuliko kama mlaji.

Mahali pa namna mbili za kwanza palitegemea vihamba. Ndizi za mshare, maziwa, maharage, mboga na mayai vilitoka katika mashamba ya watu waliojuana. Mama mwenye hoteli alinunua sokoni kwa akina mama wenzake, na mara nyingi mume wake au mwanawe alikuwa mwanachama wa chama kile kile cha kahawa. Fedha iliyolipwa asubuhi kwa bakuli la mtori iliweza kurudi kihambani kabla ya jua kuzama.

2. MAMBO YALIYOLETA MABADILIKO

Mabadiliko hayakuletwa na jambo moja. Yapasa yatazamwe matatu.

(a) Utalii. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977; mwaka 1987 mlima ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala wapandaji, yaani Mandara, Horombo na Kibo. Katika njia nyingine hulala mahemani. Kwa hiyo waongozaji, wapagazi, madereva na wageni hukutana Marangu, na wote wanahitaji kula.

(b) Kahawa. Mwezi Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana mafungu ya kuuza kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Tena, kuanzia msimu wa 1994/95, wanunuzi wa watu binafsi waliruhusiwa kushindana na vyama. Jamaa nyingi zilitafuta njia nyingine ya kupata ada ya shule: wengine walipanda mlima kama wapagazi, wengine waliuza ndizi mbichi, wengine walifungua migahawa.

(c) Utalii wa utamaduni. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wageni wengi zaidi hawaishii mlimani tu. Hutembea vijijini, hutazama maporomoko ya Kinukamori na mifereji ya asili, huonyeshwa namna kahawa inavyotwangwa na kukaangwa, na huonja mbege. Mgeni wa namna hii huuliza, "Wenyeji hula nini?"

Basi migahawa ya mji kama huu huvutwa na kamba mbili. Kamba moja huvuta kuelekea chipsi, spageti na soda ya baridi, kwa kuwa mgeni aliyechoka hutaka chakula anachokijua. Kamba ya pili huvuta kuelekea mtori, machalari na kiburu, kwa kuwa mgeni yule yule, akiisha pumzika, hutaka kuonja cha mahali. Chama kina nafasi katika kamba zote mbili, maana hata chipsi hupikwa kwa viazi vya mkulima.

3. NANI AFAIDIKA, NANI APOTEA

Mgahawa ukiisha pakwa rangi mpya na kutundika orodha ya vyakula kwa Kiingereza, wengi husema mji umeendelea. Pengine ni kweli. Walakini mwanachama mwenye busara hutazama mlango wa nyuma, mahali mizigo inaposhushwa. Huenda akakuta kuku wa barafu kutoka mjini, maziwa ya kopo, vitunguu vya wilaya nyingine, na, jambo la kuhuzunisha kuliko yote, kahawa ya unga wa kopo inayokorogwa mbele ya mgeni hatua chache kutoka mibuni yenyewe.

Si haki kumlaumu mwenye mgahawa kwa haraka. Yeye hanunui ndizi tu. Ananunua pia hakika ya kuzipata. Ameahidi chakula cha watu ishirini siku ya Jumamosi. Mkulima mmoja akimletea mikungu mitano leo na kesho asionekane, ahadi yake kwa wageni itavunjika. Mchuuzi wa mjini huenda anauza ghali, lakini anafika saa ile ile, anatoa risiti, na mzigo wake unafanana na wa jana.

Wapo na wengine wanaoweza kupotea kimyakimya. Mama lishe aliyepanga chumba kando ya barabara huona kodi ikipanda, kwa kuwa mwingine yu tayari kulipa zaidi kwa ajili ya watalii. Akihamia nyuma ya soko, mpagazi, mwalimu na mchuma kahawa wanapungukiwa na mahali pa kula kwa bei wanayoimudu. Mgahawa uliofuta sahani ya mwenyeji nao umejitia hatarini. Wapandaji hupungua sana wakati wa masika, mwezi Machi hadi Mei. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wageni walioingia Tanzania walishuka hadi takriban 620,000, ilhali mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Ni kweli kwamba mwaka 2023 walipanda hadi zaidi ya milioni 1.8; lakini mgahawa wenye wateja wa aina moja tu hauna pa kukimbilia siku wateja hao wasipokuja. Mwenyeji hula mwaka mzima.

4. HESABU YA MFANO

Bei zifuatazo ni za kudhani, ili wanachama wajifunze njia ya kuhesabu. Kila kikundi kiweke bei za mahali pake.

Tuseme mgahawa mmoja hutumia mikungu 12 ya ndizi kwa wiki katika wiki 26 za wageni wengi, na mikungu 4 kwa wiki katika wiki 26 zilizobaki. Jumla ya mwaka ni mikungu 312 na mikungu 104, yaani 416.

Mchuuzi humlipa mkulima sh. 8,000 kwa mkungu na kuuuza kwa mgahawa sh. 15,000. Tofauti ya sh. 7,000 ni ya mchuuzi, ambaye hutoa humo gharama zake.

Chama nacho kiuze kwa sh. 14,000, zigawanywe hivi:
Malipo ya kwanza kwa mwanachama: sh. 8,000
Usafiri: sh. 2,000
Ushuru na hasara ya njiani: sh. 500
Makato ya chama: sh. 1,000
Akiba ya malipo ya pili: sh. 2,500

Kwa mikungu 416, wanachama watapata malipo ya pili ya sh. 1,040,000, chama kitapata sh. 416,000, na mwenye mgahawa ataokoa sh. 416,000 kwa mwaka. Hakuna jambo geni hapa. Malipo ya kwanza na ya pili ni desturi ambayo wakulima wa Kilimanjaro wameijua kwa kahawa tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933. Linalotakiwa ni kuitumia desturi hiyo kwa zao linaloiva kila juma.

Sasa itazamwe hatari. Mwenye mgahawa huenda akaomba alipe kila mwisho wa mwezi. Kwa wiki nne za wageni wengi amechukua mikungu 48, yenye thamani ya sh. 672,000. Katika muda huo chama kimekwisha toa sh. 8,000 za mwanachama na sh. 2,000 za usafiri kwa kila mkungu, yaani sh. 480,000. Kwa migahawa mitatu ya namna hiyo zatakiwa sh. 1,440,000 taslimu. Chama kisicho na fedha hiyo kikikubali mkopo, kitawakopa wanachama wake bila kuwaambia. Na mwanachama aliyekopwa mara mbili hurudi kwa mchuuzi.

5. MAMBO YANAYOMPASA KATIBU NA HALMASHAURI

Kwanza, yatazamwe masharti ya chama. Chama kilichoandikishwa kwa ajili ya kahawa kisianze biashara ya ndizi au maziwa kabla mkutano mkuu haujaamua na masharti hayajaruhusu. Afisa Ushirika aulizwe mapema, siyo baada ya fedha kupotea.

Pili, wahesabiwe wanunuzi. Katibu na wajumbe wawili waitembelee migahawa yote, mikubwa na midogo, wakiandika kila mmoja hutaka nini, kiasi gani, siku gani na kwa bei gani. Mama lishe wasisahauliwe: mmoja mmoja hununua kidogo, lakini kumi wakiagiza pamoja hulingana na hoteli.

Tatu, mzigo uchaguliwe na upimwe. Mikungu haina uzito mmoja, hivyo ni afadhali kununua na kuuza kwa kilo. Mshare wa kupika usichanganywe na ndizi za kuiva. Kila mwanachama apewe stakabadhi, na kila mnunuzi apewe hati ya kupokea mzigo.

Nne, iandikwe zamu ya kuleta mazao. Zamu itawahakikishia wanunuzi mzigo wa kila wiki, na itazuia ubaya ujulikanao sana, yaani ndizi za wajumbe wa Halmashauri kununuliwa kwanza na za wajane kuoza.

Tano, mapatano na mgahawa yawe ya maandishi: kiasi cha msimu wa wageni, kiasi cha masika, bei, siku ya kulipa, na kiwango cha juu cha deni. Mgahawa ukipita kiwango hicho, mzigo usimamishwe bila kuonea haya udugu wala cheo.

Sita, isidhaniwe kwamba ndizi ndiyo yote. Chama cha wanawake cha Nronga, wilayani Hai, kilianza mwaka 1988 kukusanya na kuuza maziwa ya wanachama, na kimeonyesha kwamba mama mwenye ng'ombe mmoja au wawili aweza kuwa na soko la hakika akiungana na wenzake. Kuhusu kahawa, KNCU ilifungua Union Café mjini Moshi, mgeni akaweza kunywa kahawa ya wakulima karibu na walikoilima. Chama kinachotaka kukaanga na kuuza kahawa hakina budi kwanza kupata leseni ya Bodi ya Kahawa Tanzania.

6. NENO LA KUONYA

Wako watakaosema chama kifungue mgahawa wake chenyewe. Jambo hilo si baya, lakini lisiwe la kwanza. Mgahawa hudai mpishi hodari, usafi wa kila saa, na msimamizi wa fedha asiyelala. Chama kilichoshindwa kupeleka mikungu 12 siku ya Jumamosi hakitaweza kulisha watu ishirini siku hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba: chama kianze kwa kuuza mazao, kijifunze, ndipo kifikirie kupika.

Aidha, chama hakina mamlaka wala sababu ya kuzuia migahawa isibadilike. Mji wa watalii utabadilika. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba kila mgahawa unapobadilika, jina la mwanachama limo katika daftari lake la manunuzi, na sahani ya mwenyeji imo katika orodha yake ya vyakula. Mambo hayo mawili yakishikwa, fedha ya mgeni itapanda hadi kihambani.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja migahawa iliyo katika eneo la chama chako. Ni ipi inayonunua kwa wanachama, na ni ipi isiyonunua? Toa sababu.
2. Fanya upya hesabu ya sehemu ya 4 kwa bei za kwenu. Malipo ya pili ni kiasi gani? Mwenye mgahawa akikopa mwezi mmoja, chama chahitaji fedha ngapi?
3. Wakati wa masika wanunuzi wanapopungua, chama kitayapeleka wapi mazao yaliyozidi?
4. Ni akina mama lishe wangapi walio wanachama? Ikiwa ni wachache, ni jambo gani linalowazuia?
5. Kikundi kiandike azimio moja litakalopelekwa katika mkutano mkuu ujao, kikitaja nani atalitekeleza na kwa tarehe gani.